Kwa nini Remmy Ongala aliitwa "Dokta"?

Abiria anayeshuka daladala Sinza kwa Remmy, jijini Dar es Salaam, anashuka kwenye kituo chenye jina la mwanamuziki ambaye hakusomea utabibu, wala hakupata kuvaa koti jeupe la hospitali, lakini ambaye Watanzania walimwita Dokta Remmy bila kutabasamu. Cheo hicho alikipata wapi?

Sehemu ya jibu iko mbali na jukwaa. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo, katika eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya kila siku. Kabla yake mama yake alikuwa amekwisha kufiwa na watoto, na alipopata mimba hiyo alikwenda kwa mganga, ambaye alimwagiza asijifungulie hospitalini na kwamba mtoto atakayezaliwa asikatwe nywele. Remmy mwenyewe alisimulia kwamba alizaliwa akiwa na meno mawili ya mbele. Waswahili wa pwani humwita kigego mtoto ambaye meno yake yametangulia kinyume na kawaida, na zamani waliogopa kwamba ataleta nuksi. Lakini kwao Remmy meno hayo yalisomwa kwa namna nyingine kabisa, yaani kuwa dalili ya mtu aliyezaliwa na uganga. Kwa hiyo udokta uliutangulia muziki.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba Kiswahili hakijawahi kuweka ukuta imara kati ya mganga na daktari. Mpaka leo Serikali ya Tanzania ina Mganga Mkuu wa Mkoa, naye ni daktari aliyesoma chuo kikuu, si mpiga ramli. Neno ngoma nalo, katika lugha nyingi za Kibantu, hubeba kwa pamoja chombo kinachopigwa, mchezo wenyewe na shughuli ya kumtibu mgonjwa kwa kuimba na kucheza, kama ilivyo katika ngoma za pepo za pwani. Mwanamuziki anayeitwa tabibu si kioja kikubwa kwa watu wenye msamiati wa aina hiyo.

Ni kweli kwamba Kongo ilikuwa na dokta mwingine wa muziki kabla yake. Mpiga gitaa Nicolas Kasanda, aliyefariki mwaka 1985, alijulikana kote kama Docteur Nico. Lakini huyo alisifiwa kwa ufundi wa vidole, kama tunavyomwita fundi hodari profesa. Udokta wa Remmy, kwa maoni yangu, ulikaa katika maneno. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila, na mtindo wake akauita "ubongo", kwa sababu alitaka msikilizaji acheze huku akifikiri. Aliimba juu ya kifo, umaskini na sauti ya mnyonge, mambo ambayo mtu huyapeleka kwa anayemwamini.

Jina hilo lilipata uzito wake wote ukimwi ulipoingia. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi ugonjwa huo ulizungumzwa kwa minong'ono. Wanamuziki wa jirani walikwisha kuanza kusema: Franco wa Kongo alitoa wimbo wa tahadhari mwaka 1987, na Philly Lutaaya wa Uganda alitangaza hadharani mwaka 1989 kwamba yeye mwenyewe ameambukizwa, akafariki mwaka huohuo. Remmy naye akaja na "Mambo kwa Soksi", na soksi hiyo haikuwa ya miguuni bali kondomu. Uteuzi wa neno ulikuwa wa kitabibu hasa, kwa kuwa soksi ni kitu ambacho kila mtu anakijua, ambacho mtoto anaweza kukitaja mbele ya mkwe, na ambacho huvaliwa kwanza kabla ya jambo lenyewe. Radio Tanzania haikuridhika na tafsida hiyo ikakataa kuupiga, katika siku ambazo Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya taifa. Wimbo ukasambaa kwa kaseti na katika kumbi za dansi, ambako huenda ndiko waliko waliouhitaji zaidi.

Mganga hajigangi. Kisukari na kiharusi vilimdhoofisha katika miaka yake ya mwisho, akaacha dansi na kuimba nyimbo za Injili, mpaka alipofariki tarehe 13 Desemba 2010. Magazeti yalimwandika "Dk. Remmy Ongala", kwa kifupisho kilekile wanachoandikiwa matabibu wa Muhimbili.