Nyumba ya pauni 10: mifupa ya mwaloni kule Alfriston

Ukionyeshwa picha ya Clergy House (yaani Nyumba ya Makasisi), kijijini Alfriston, Sussex, kusini mwa Uingereza, kwanza utavutwa na paa la nyasi. Mimi jicho hushuka hadi chini ya upenu. Nyumba za mtindo huu, wenye asili ya Kent na Sussex, huwa na ukumbi katikati na vyumba vya ghorofa pembeni. Vile vya juu huchomoza mbele kidogo, ukumbi ukabaki nyuma, ilhali paa ni moja lililonyooka. Basi mbele ya ukumbi mwamba unaobeba makombamoyo hauna ukuta chini yake. Unaelea hewani, umeshikiliwa na miti iliyopinda. Ni kazi ya karne ya 14, na bado inanipa raha kila niitazamapo.

Mti wenyewe ni mwaloni, tena mbichi. Mbichi hukubali shoka na patasi. Ukikauka, utaharibu vyombo bure. Mafundi wa enzi zile waliunda fremu chini kwanza, wakatia alama kila kiungo, wakaifumua, ndipo wakaisimamisha kiwanjani. Viungo ni ulimi na tundu, vilivyopigwa vigingi vya mti. Mti ukisinyaa kwa kukauka, viungo hukazana. Misumari ya chuma ingeliwa na tindikali ya mwaloni.

Kuta hazibebi paa. Ni fito zilizokandikwa udongo wenye majani makavu na samadi, na mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti iko chini: nguzo zetu tunazichimbia ardhini, zao husimama juu ya boriti iliyolazwa kwenye msingi wa mawe.

Moto wa ukumbini uliwashwa katikati ya sakafu, dohani hakuna, moshi ukajitafutia njia paani. Ndiyo maana wakaguzi wa nyumba hizi hupanda juu na tochi kabla ya kusoma hati yoyote: kombamoyo lenye masizi mazito ni ushahidi kwamba chini palikuwa na ukumbi wazi. Dohani zilipoenea katika karne ya 16, kumbi nyingi ziliwekewa ghorofa. Huu wa Alfriston leo uko wazi hadi paani. Sakafu yake ni chaki iliyopondwa, ikashindiliwa na kunyweshwa maziwa yaliyochacha, kwa kuwa protini ya maziwa hugeuka gundi. (Harufu ya siku za mwanzo sitaki kuifikiria.)

Jina ni la makasisi, lakini umbo ni la nyumba ya mkulima mwenye nacho. Kufikia miaka ya 1890 ilikuwa gofu la kubomolewa. Mwaka 1896 National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya urithi lililoanzishwa mwaka mmoja kabla na Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley, likainunua kwa pauni 10. Lilikuwa jengo lake la kwanza. Ukarabati ulizidi bei hiyo mara nyingi.

Wanaoniuliza adui wa nyumba hizi hutarajia nitaje moto au wadudu. Mimi hutaja saruji. Udongo na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, na mwaloni uliodumu miaka 600 huoza kimyakimya nyuma ya lipu nzuri. Kwa hiyo ukaguzi wangu huanzia kwenye boriti ya chini, upande wa kaskazini usiopata jua, kwa ncha ya kisu.