Nimekupunguzia kazi, fundi

Kuna maneno nikiyasikia mlangoni mwa karakana, kwanza natafuta kiti: "Fundi, nimekupunguzia kazi." Jumamosi iliyopita aliyasema kijana wa kwaya, mpole, mwenye adabu zake, aliyeshuka kwenye boda boda na gunia la vyuma mapajani. Ndani ya gunia mlikuwa na matoazi manne yaliyosuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Mlikuwa pia na ringi, skrubu na lagi (vile vishikizo vya ubavuni mwa dramu vinavyopokea skrubu) za seti ya dramu za kampuni ya Premier ya miaka ya 1960, zote zimelala kwenye siki siku tatu. Dramu zenyewe zingefuata jioni kwa pikapu, zikiwa zimepigwa msasa "kidogo tu, Mzee, ili ngozi mpya ziingie."

Huyo ni wa nne mwaka huu, ndiyo maana naandika.

Simlaumu sana, kwa sababu najua ugonjwa huu ulikotoka. Nimekulia kwenye nyumba za polisi Nsambya, Kampala, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uwani na ya gwaride. Kila Jumapili jioni baba aliketi barazani na vifungo vyake, kitambaa, na ile dawa ya shaba yenye harufu ya kuumiza pua. Kisichong'aa kilihesabiwa kichafu. Mpiga tarumbeta aliyekuja na chombo kimefifia alikuwa na kesi ya kujibu. Wengi wetu tumelelewa hivyo, tukiamini kwamba safi na kung'aa ni kitu kimoja. Kwa kifungo cha askari, sina ubishi. Kwa dramu ya miaka sitini, hapana jamani.

Nianze na matoazi, maana hayo ndiyo yanayoteswa kuliko vyote. Kifungo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Toazi la maana ni shaba iliyochanganywa na bati: kwenye yale mazito ya bei, kama ya Zildjian, ni 80 kwa 20, kwenye mengine ni 92 kwa 8, na usidharau hayo, Paiste wametengeneza matoazi mazuri sana kwa mchanganyiko huo. Lile la 80 kwa 20 limepashwa moto, likazamishwa majini ghafla, likapigwa nyundo, kisha likakerezwa mistari. Ile mistari siyo urembo. Ukimwaga dawa ya shaba juu yake, nusu inaingia ndani ya mistari na kukauka humo, nyeupe kama unga wa muhogo, na kuitoa ni kazi ya wiki. Nembo ya wino inaondoka kwa kitambaa cha kwanza. Kesho ukitaka kuuza, mnunuzi anaona sahani ya manjano isiyo na jina, na bei atakayotaja utaikumbuka.

Wengine hawana hata subira ya kitambaa. Wanafunga gurudumu la kung'arishia kwenye grainda. Gurudumu linaipasha shaba moto, na joto linaweza kuvuruga ule ugumu ambao mtengenezaji aliutafuta kwa moto, maji na nyundo. Hapo sina dawa.

Rangi ya kahawia siyo uchafu. Ni shaba imezeeka hewani, basi. Uchafu ni jasho, mafuta ya vidole, vumbi jekundu la barabara na matone ya nta ya mkesha wa Krismasi. Huo unatoka kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na kitambaa laini, ukifuata mistari kwa mzunguko, kisha unakausha papo hapo. Madoa ya kijani ndiyo ya kushughulikia, kwa sababu hayo yanakula shaba: tone la ndimu kwenye pamba, suuza, kausha, rudia.

Sasa niungame. Wapigaji wengi wanaapa kwamba ukahawia unalainisha sauti, kwamba toazi likisuguliwa linakuwa kali. Nilishawahi kufumba macho nikamwambia binti yangu agonge mawili ya aina moja, moja la kahawia na moja lililosuguliwa. Nilikosea mara nyingi kuliko nilivyopatia. Lakini hata jaribio lile halina maana, kwa sababu matoazi mawili ya aina moja hayalingani sauti hata yakiwa mapya kiwandani. Kwa hiyo sikukatazi kwa ajili ya sauti. Nakukataza kwa sababu nembo, mistari na ile rangi vikishaondoka huwezi kuviagiza dukani, na hukupata chochote badala yake.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba wakati unasugua hukutazama. Toazi la nne la yule kijana, la inchi 16, tundu lake la katikati lilikuwa limeshakuwa yai. Stendi haikuwa na ile mpira ya kuzuia chuma kugusana na chuma, na kwa miaka skrubu ikawa inalila toazi polepole. Pembeni palikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Alikuwa ameusugua ufa mpaka nao ukang'aa. Ufa unatobolewa kwa keekee nyembamba pale unapoishia, kisha kingo za tundu zinalainishwa kwa tupa. Mara nyingine unasimama miaka mingi, mara nyingine unaendelea na safari yake kana kwamba hukufanya kitu. Nimeona yote mawili, na bado sijui kukwambia mapema lipi litakupata.

Siki. Skrubu za chuma zilizoshika kutu unaweza kuzilaza kwenye siki usiku mmoja, ukazisuuza kwa maji yenye magadi, ukazikausha na kuzipaka mafuta. Lakini lagi siyo chuma! Kwenye seti nyingi za zamani lagi ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, juu yake imepakwa kromu. Kromu ina vitundu usivyoviona. Siki inapita humo, inakula zinki kutoka chini, na kromu inabaki kama ganda la yai bovu. Kati ya lagi alizoleta, sita zilivunjika mkononi mwangu bila bisibisi. Na usiniambie kuna mtu Katwe, kule kwa mafundi wa vyuma, atazichomelea. Katwe wana mikono ya ajabu, wameshanichongea springi na nati zilizonishangaza, lakini zinki ile inayeyuka kabla hujamaliza kuvaa miwani.

Kutu juu ya ringi za kromu inatoka kwa foili ya kufungia chakula iliyoloweshwa maji. Alumini ni laini kuliko kromu, haikwaruzi. Stilwulu ya masufuria inakwaruza. Pale kromu ilipobanduka, imebanduka. Paka nta, endelea na maisha.

Plastiki ya nje: sabuni na maji. Usiguse thina wala asetoni, zile za zamani ni seluloidi na zitayeyuka mbele yako. Nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni jua na umri. Fungua lagi moja uone rangi ya awali chini yake, furahi, ifunge. Na ndani ya mbao usipake rangi. Ludwig kwa mfano walikuwa wakipiga mhuri wa tarehe humo miaka ya 1960, na nimeshaletewa moja iliyopakwa vanishi nyeusi ndani "ipendeze".

Tumefika kwenye msasa. Premier mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1960 walikuwa na kipimo chao, kikubwa kidogo kuliko kile tunachokiita leo inchi 12 au 16. Ngozi ya dukani inagoma kuingia, au inaingia ikibana, na dramu haiimbi. Wakati ule halikuwa tatizo. Ngozi za plastiki za Remo zilianza 1957. Kabla ya hapo ngozi ilikuwa ya ndama, inaloweshwa na kuviringishwa kwenye duara la dramu hiyohiyo, kwa hiyo kila dramu ilivaa kiatu chake. Ngozi za plastiki za kipimo kile bado zipo za kuagiza Uingereza. Kijana wangu hakuuliza. Alipunguza mbao.

Ukingo ule unaokaliwa na ngozi ndio dramu yenyewe. Mengine yote ni fanicha. Nililaza tomu yake, ile dramu ndogo ya inchi 12, juu ya kioo, nikaweka tochi ndani, nikazima taa: mwanga ulichungulia sehemu nne. Dawa yake ni msasa uliogundishwa kwenye kioo kinene au ubao ulionyooka kabisa, dramu inazungushwa juu yake taratibu, robo kwa robo, mpaka mwanga ufe. Halafu unaacha. Usikate ukingo uwe mkali wa nyuzi 45 kama dramu za leo. Kingo za zamani ni za mviringo, na huo mviringo ndio unaowapa watu ile sauti ya joto wanayoitafuta wanaponunua kitu cha zamani. Niliwahi kukata moja, nikijiona bingwa. Mwenyewe alifurahi, ilikuwa wazi, ilikuwa kali. Mimi kila nikipita kanisani kwao nasikia dramu ya kisasa ndani ya nguo za babu, na bado sijaamua kama nilikosea au la.

Ile ya inchi 12 tumekubaliana hivi. Sitaitafutia plastiki. Nitaipeleka Mpambire, barabara ya Masaka, kwa watu wanaovalisha ngoma ngozi tangu enzi za mababu zao, wanitafutie ngozi ya mbuzi nyembamba na kuiviringisha kwenye duara la awali, ambalo kwa bahati kijana hakulitia siki kwa kuwa ni la mbao. Mvua za Aprili zitailegeza na jua la Januari litaivuta, atajifunza kuikaza kabla ya kila ibada. Lagi sita zitasubiri mtu avunje seti nyingine ya Premier.

Alikuwa ameshapanda boda boda akageuka. "Mzee, siki bado nina nusu jerikani. Niifanyie nini?"

Nikamwambia ampelekee mama yake kwa kachumbari.