Kuvua trauti kwa boti majira ya joto: yanayosemwa gatini na yaliyo kweli majini

Rutland Water ni bwawa la maji ya kunywa katikati ya Uingereza, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka Leicester, mji wenye familia nyingi zilizotokea Kenya, Uganda na Tanzania. Lilijengwa miaka ya 1970 kwa kuziba bonde la mto Gwash karibu na kijiji cha Empingham. Maji yake mengi hupampiwa kutoka mito ya Welland na Nene, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 12 na nusu. Ndani wamo samaki aina ya trauti, na kila majira ya joto boti ndogo za wavuvi hutapakaa juu yake. Gatini nako husikika maneno yaleyale kila mwaka: samaki wamezama, jua limewanyima hamu ya kula, njoo Septemba. Mengi ya hayo si kweli. Kuanzia Juni hadi Agosti trauti huongozwa na mambo mawili, joto la maji na oksijeni, na mvuvi anayeyafahamu hayo hujua boti aipeleke wapi, mshipi auzamishe kiasi gani, na lini afunge vifaa arudi nyumbani.

"Joto likipanda, trauti hushuka hadi chini kabisa"

Hii imeenea kuliko zote na ndiyo inayowapotezea watu siku nzima. Mtu huwasha mashine, huelekea moja kwa moja ukutani kwa bwawa ambako kina hupita mita 30, hutia nanga, huteremsha mshipi mzito hadi sakafuni na kukaa hapo kutwa.

Bwawa lenye kina hujipanga matabaka wakati wa joto. Jua hupasha maji ya juu, na kwa kuwa maji ya moto ni mepesi, hubaki yakielea juu ya yale ya baridi. Kati yao pana tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla, nyuzi kadhaa ndani ya mita chache tu, na tabaka hilo huzuia maji ya juu na ya chini yasichanganyike. Sasa oksijeni huingia bwawani kupitia uso wa maji na kupitia mimea inayopata mwanga, yaani yote hutokea juu. Kule chini bakteria wanaozesha mabaki ya mwani na majani, na kazi hiyo hula oksijeni iliyopo bila mpya kuingia. Wiki chache zikipita bila upepo wa maana, maji ya sakafuni huwa baridi ya kupendeza lakini hayana pumzi.

Kwa hiyo trauti hubanwa katikati. Juu kuna joto asilolipenda, chini hakuna hewa. Mara nyingi hukaa juu kidogo ya lile tabaka la mpito, pengine mita 4, pengine 6 au 9, kutegemea bwawa na hali ya hewa ya wiki hiyo. Samaki anaweza kuwa mita 6 chini ya boti, na chini yake pakawa na mita 20 za maji yasiyo na samaki hata mmoja. Swali la kujiuliza, basi, ni kina gani, kabla ya kuuliza mahali gani.

Kina hicho hupatikana kwa kuhesabu. Mishipi ya kuzama huuzwa kwa mwendo wake, inchi kwa sekunde. Mshipi wa inchi 3 huzama sentimita 7 na nusu hivi kila sekunde, hivyo unahitaji sekunde 40 kufika mita 3. Ule wa inchi 7 huzama karibu sentimita 18, na mita 5 hufika baada ya sekunde 28. Rusha, hesabu, kisha vuta taratibu. Usipoguswa, ongeza sekunde 5 katika mrusho unaofuata, na uendelee hivyo. Siku ukiguswa kwenye 25, rudi kwenye 25 tena na tena, na umwambie mwenzako wa upande wa pili wa boti. Nimeona watu wakibadilisha nzi bandia, yaani ndoano iliyovishwa ifanane na mdudu, mara kumi kwa asubuhi moja na wasibadilishe kina hata mara moja.

Jambo moja zaidi kuhusu matabaka. Mabwawa kadhaa ya Uingereza yamelazwa mabomba ya hewa sakafuni. Kampuni za maji huyawasha ili kuvunja matabaka, kwa sababu maji yaliyokosa oksijeni huyeyusha chuma na manganizi kutoka kwenye matope, na kuyasafisha ni gharama. Juu utaona duara la maji yanayotokota bila moto. Siku za joto kali pitisha boti pembeni ya duara hilo, maana trauti hupenda kujikusanya hapo.

"Jua likiwaka, trauti hali kitu"

Mchukue trauti uliyemuua saa saba mchana wa Julai, mpasue, kamulia yaliyomo tumboni kwenye kibakuli cheupe chenye maji kidogo. Mara nyingi hutoka bonge zito la rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na kwa mtazamo wa kwanza utadhani ni matope. Tikisa kibakuli. Bonge litaachana na kuwa vijidudu mamia kwa mamia, kila kimoja hakizidi kichwa cha pini, na walioliwa karibuni bado wana doa jeusi ambalo ndilo jicho lao pekee. Hao ni viroboto maji. Trauti huyo hakufunga. Alikuwa akila hadi dakika aliyoishika ndoano yako.

Viroboto maji hula mwani mdogo usioonekana kwa macho, na wana mwendo wao wa kila siku. Jua likiwa kali huzama kukwepa mwanga na macho ya samaki. Jioni, usiku na siku za mawingu hupanda tena. Trauti huwafuata huko na huko. Samaki waliokuwa nusu mita chini ya uso alfajiri wanaweza kuwa mita 6 ifikapo adhuhuri, na anayeendelea kurusha juu juu husema wamekataa kula. Ni kweli kwamba trauti hana kope wala hawezi kubana mboni kama sisi, lakini hilo humpunguzia hamu ya kukaa juu, halimwondolei njaa. Wavuvi wazoefu wa Rutland na wa Grafham, bwawa jingine kubwa lililo kusini-mashariki yake, hutumia nzi bandia wa rangi ya chungwa nyakati hizi, mkubwa mara nyingi kuliko kiroboto maji yeyote, na trauti humfuata na kumshika.

Jioni nayo ina wadudu wake, wale wadogo wanaofanana na mbu ila hawaumi, wanaopanda kutoka matopeni na kujivua ganda kwenye uso wa maji. Saa ya mwisho ya mwanga ni tamu, sibishi. Ila kuisubiri hiyo tu ni kuacha siku nzima ya samaki wanaokula.

"Siku ya shwari ndiyo siku ya boti"

Kwa mtalii anayepiga picha, sawa. Kwa mvuvi, shwari kamili chini ya jua ndiyo hali ngumu kuliko zote: kivuli cha boti kinaonekana, mshipi unaonekana, na maji hayachanganyiki na hewa. Viwimbi huvunja mwanga, huficha boti na kuongeza oksijeni.

Wavuvi wa mabwawa haya huacha boti ielee ubavu kwa upepo, wawili wakikaa mmoja tezini na mwingine omoni, wote wakirusha mbele upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, na kuvuta nzi huku boti ikiwasogelea. Upepo ukizidi, huburuta upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, kitambaa kipana chenye umbo la mwavuli ili boti ipunguze kasi. Bila hicho boti hukimbia, mshipi haupati muda wa kuzama, na hesabu yako yote ya sekunde inaharibika.

Upepo pia huhamisha joto lenyewe. Ukivuma siku mbili tatu kutoka upande mmoja, husukuma maji ya juu yenye joto pamoja na chakula hadi ufuko wa demani, na upande wa joshi maji ya baridi husogea karibu na uso. Siku za joto la wastani ningeanza demani, penye chakula. Wiki ya joto kali ningeanza joshi. Na ukitaka kurudi kupitia njia ileile tena, zunguka mbali kwa mashine. Ukipita katikati unawatisha samaki wako na wa boti zilizo nyuma yako.

"Ukimrudisha majini, amepona"

Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu hili linafanywa na watu wenye nia njema.

Maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 20 hubeba kama 9. Wakati huohuo mwili wa samaki katika joto huhitaji oksijeni nyingi zaidi. Trauti aliyepigana dakika nne mshipini ana misuli iliyojaa asidi, na ametolewa kwenye tabaka la ubaridi akapandishwa hadi kwenye maji ya juu anayoyakwepa. Unamwachia, anapiga mkia, anaondoka, unafurahi. Wengi wa hao hufa baada ya saa kadhaa, mahali usipowaona. Trauti wa upinde wa mvua huanza kutaabika maji yanapopita nyuzi 20 hivi, na karibu na nyuzi 25 maisha yake yamo hatarini hata asipoguswa na mtu.

Kwa hiyo chukua kipimajoto, kizamishe kwanza. Uso wa maji ukiwa nyuzi 20 au zaidi, ua kila unayemshika kwa pigo moja la kichwani, na ukifikisha idadi ya samaki unaoruhusiwa na tiketi yako ya kuvua, acha kuvua. Wasimamizi wengine hupiga marufuku kurudisha samaki wakati wa joto kali, nami nawaunga mkono kwa moyo wote. Kuvua na kuachia kutwa nzima katika maji ya moto ni kuua zaidi ya unavyopeleka nyumbani. Siku za baridi ni habari nyingine: ndoano isiyo na mwiba wa nyuma, mikono iliyoloweshwa, samaki asitoke majini kabisa.

"Mimi nimekulia pwani, kuogelea najua"

Bahari ya Mombasa au Unguja mara nyingi huwa kati ya nyuzi 25 na 30. Bwawa la Uingereza mwanzoni mwa Juni linaweza kuwa chini ya nyuzi 15 ilhali hewani ni joto la kuvua shati. Mwili ukiingia ghafla kwenye maji ya namna hiyo hushtuka: mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kupenda, na pumzi hiyo ikimkuta kichwa kiko chini ya maji, humeza maji. Mshtuko huo humpata hodari wa kuogelea sawasawa na asiyejua. Juu ya hayo una viatu, koti, na boti inayosukumwa na upepo kukuacha nyuma.

Jaketi la kujiokolea livaliwe juu ya koti, kamwe si chini yake, na mkanda wa mapajani ufungwe. Kama ni la kujijaza hewa, kabla ya kuondoka gatini fungua upande mmoja ukague mtungi wa gesi kwa vidole, maana hulegea kidogo kidogo. Na rusha ukiwa umekaa. Kusimama botini hakuongezi samaki.

"Nimelipa boti na tiketi, basi"

Hapana. Mtu wa miaka 13 na kuendelea anayevua samaki wa maji yasiyo ya chumvi Uingereza lazima awe pia na leseni ya serikali ya fimbo ya kuvulia, mbali na tiketi ya bwawa. Kwa watoto wa miaka 13 hadi 16 leseni ni bure, lakini lazima ichukuliwe. Faini inaweza kufika pauni 2,500.

"Trauti hawa ni wa asili ya hapa, na nyama nyekundu ndiyo dalili"

Trauti wa kahawia ndiye mwenyeji. Yule wa upinde wa mvua, ambaye ndiye wengi hushika, asili yake ni nchi zinazopakana na Pasifiki ya kaskazini, na alifika Uingereza miaka ya 1880. Mabwawani hupandikizwa kutoka mashamba ya samaki. Wenzetu wa Kenya wanaijua hadithi inayofanana nayo: trauti wa mito ya Aberdare na Mlima Kenya walianza na mayai yaliyoletwa kutoka Uskoti mwaka 1905.

Wekundu wa nyama hutokana na rangi iliyomo kwenye chakula. Viroboto maji na jamaa zao wanayo, na chakula cha shambani hutiwa, hivyo haukuambii samaki amekulia wapi. Ladha ya matope nayo si alama ya bwawa chafu. Huletwa na kemikali itokanayo na aina fulani za mwani na bakteria, na hutofautiana wiki kwa wiki. Ukiona utando wa kijani kama rangi iliyomwagika ufukweni, usiguse maji hayo wala usimwachie mbwa ayanywe, kwa kuwa aina nyingine za mwani huo zina sumu.

Kinachoharibu trauti wengi wa Julai ni mfuko wa plastiki uliolala juani chini ya kiti cha boti. Mtoe matumbo na matamvua mapema, mfute damu iliyoshikamana na uti wa mgongo, mweke kwenye sanduku la barafu akiwa amefunikwa. Kama barafu imeyeyuka na samaki wa pili yumo ndani tayari, geuza boti urudi gatini.