Jeki inayoshuka yenyewe haijafa: nilivyoifungua, nikaifufua na kuipaka rangi

Hivi karibuni nimemaliza jeki moja ya troli, ile ya kulala chini yenye magurudumu manne, tani 2, ilikuwa imetupwa kona miaka mingi kwa kosa moja tu: unainua gari inapanda vizuri, alafu inaanza kushuka taratibu yenyewe. Rangi imebabuka, kutu imeshika ubavu mzima, magurudumu ya mbele hayazunguki. Kila aliyeiona alisema peleka chuma chakavu. Mi nilikataa na bado nakataa, kwa sababu ukiiangalia vizuri chuma chake ni kinene, fremu haijapinda, mkono wa kunyanyulia hauna ufa, kwahiyo kilichochoka humo ndani ni vipande vya mpira ambavyo vyote kwa pamoja vinaenea kwenye kiganja.

Ila kabla ya kushika spana, isome kwanza. Hii hatua watu wanairuka sana na ndo inakuokolea kazi. Weka mzigo, pandisha, alafu tulia uiangalie. Kama inashuka na huku mpini unajiinua wenyewe polepole, basi gololi inayozuia oili isirudi kwenye pampu haikai vizuri, presha ya mzigo inarudi nyuma na kusukuma pistoni ndogo, ile inayopampiwa na mpini. Kama mpini umetulia, nje pakavu na bado inashuka, shuku kwanza skrubu ya kuachia, ile unayozungusha kushusha jeki. Kama kuna oili inatoka kwenye pistoni kubwa, ile inayonyanyua mzigo, hiyo ni sili, kipande cha mpira kinachozuia oili isipite pembeni ya pistoni. Ukipampu na inakuwa laini, inadunda kama sponji, kuna upepo ndani. Na isipopanda kabisa, angalia oili kwanza, maana mara nyingine ni oili imepungua tu na mtu anakimbilia kuifungua yote bure.

Ya kwangu ilikuwa na mawili kwa mpigo: mpini ulikuwa unanyanyuka kidogo, na pistoni kubwa ilikuwa imelowa.

Kufungua, shusha mkono mpaka chini kabisa kabla ya kugusa springi za kurudishia, na vaa miwani, kwa sababu hizo springi hata zikiwa zimelegea bado zina nguvu ya kukutoboa jicho. Mwaga oili yote, toa mfumo wa haidroliki kwenye fremu, bana kwenye vaisi. Piga picha kila hatua. Gololi zinakuwa mbili tatu na hazilingani ukubwa, alafu zinaruka, mi kila tundu nalipa kikopo chake: gololi, springi yake, skrubu yake, vinakaa pamoja mpaka siku ya kurudi. Kuna skrubu moja ambayo nakuomba usiichezee, ile ya valvu ya usalama, mara nyingi imefunikwa na kizibo au tone la rangi. Hiyo ndo inaamua jeki ikatae mzigo kuanzia uzito gani, imepimwa kiwandani. Kama ni lazima uitoe kwa ajili ya kusafisha, ikaze kwanza mpaka mwisho ukihesabu mizunguko, nusu na robo zote, uandike, ili uirudishe palepale.

Sasa nilipochomoa pistoni kubwa nikaona tatizo. Sili ya kikombe ilikuwa imekauka ngumu kama plastiki, ukiibonyeza na kucha hairudi, na kwenye mdomo wake upande mmoja kulikuwa na mkato mwembamba, unauona ukiuinamishia mwanga tu. Ndani ya oili nikakuta uzi mweusi mdogo, mwembamba kama unywele, umejikunja. Nikaushika kwenye ncha ya kidole nikaulinganisha na ule mkato, ukaingia sawasawa. Yaani aliyeifunga mara ya mwisho alisukuma sili ikapita juu ya nyuzi za silinda (zile za kukazia, kama za skrubu) bila kinga, zile nyuzi zikainyoa, na jeki ikaanza kuvuja siku hiyohiyo. Dawa ya hilo ni kuzungushia tepu nyembamba kwenye nyuzi, paka oili kila kitu, sukuma sili kwa kuizungusha taratibu, ukishapita toa tepu. Kazi ya dakika tano.

Hapa nataka tuelewane kuhusu hiyo sili, maana ndo moyo wa kitu chote. Jeki inafanya kazi kwa kanuni ya Pascal, presha ndani ya oili iliyofungiwa ni ileile kila upande, kwahiyo pistoni ndogo ikiwa na kipenyo cha milimita 12 na kubwa milimita 36, eneo linakuwa mara 9 na nguvu inakuwa mara 9, bado hujahesabu urefu wa mpini. Ila oili humo ndani inafika mamia ya baa (kipimo cha presha), wakati tairi la gari dogo lina kama 2 na kitu. Kitu gani kinazuia presha ya namna hiyo isipite pembeni ya pistoni? Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya mashine ya kubana kwa haidroliki mwaka 1795 na hilohilo ndo lilikuwa tatizo, ukikaza sana pistoni inagoma kurudi, ukilegeza inavuja. Fundi aliyekuwa anafanya naye kazi, Henry Maudslay, ndiye anayetajwa kuleta jibu: ngozi iliyokunjwa kama kikombe, mdomo unatazama presha. Presha ikipanda inaingia kwenye kikombe na kuutanua mdomo ubane ukuta, ikishuka mdomo unalegea na pistoni inarudi. Sili yenyewe inakazwa na kile inachokizuia. Naipenda sana hiyo akili, na mpaka leo ndo iko kwenye jeki yako, kilichobadilika ni ngozi kuwa mpira.

Kwahiyo mdomo wa kikombe lazima uangalie upande oili inakotokea. Ukiigeuza itapanda kidogo bila mzigo, ukiweka gari inamwaga. Na kama kuna pete ngumu ya plastiki pembeni ya o-ringi (pete ya mpira), hiyo ya plastiki inakaa upande usio na presha, kazi yake ni kuzuia o-ringi isiminywe ikaingia kwenye uwazi.

Sili mpya usizinunue kwa kukadiria. Pima na venia (kile kipimo cha taya mbili) kipenyo cha ndani, cha nje na unene, na upime mfereji wa chuma inapokaa, sio sili ya zamani peke yake, kwa sababu ya zamani imeshavimba au kusinyaa. Mpira uwe naitraili, unapatana na oili ya haidroliki. Na kwa hiyo hiyo sababu fluidi ya breki isiingie humo kamwe. Najua wapo wanaoweka kwa kuwa neno haidroliki liko pote, lakini fluidi ya breki ya kawaida imetengenezwa kwa mpira wa aina nyingine, naitraili inavimba na kulainika, ndani ya muda mfupi unafungua tena. Oili ya injini nayo mi siweki, weka oili ya haidroliki nyepesi, namba 22 au 32, imeisha hiyo.

Gololi. Osha vyote na mafuta ya taa, futa na kitambaa kisichoacha nyuzi, alafu mulika kiti cha gololi, pale inapokaa kuziba tundu, na tochi. Kinatakiwa kionyeshe duara moja jembamba linalong'aa, halijakatika. Changu kilikuwa na doa jeusi kwenye duara, uchafu ulikuwa unagandamizwa hapo kila siku. Nikarudisha gololi ya zamani, nikaweka kipande cha shaba juu yake, nikagonga pigo moja la nyundo, moja tu na la wastani, kiti kikapata umbo upya. Alafu hiyo gololi nikaitupa nikaweka mpya ya kipimo kilekile. Washa za shaba za kuzibia, zile pete bapa, unaweza kuzitumia tena ukizichoma mpaka ziwe nyekundu zikapoe, shaba inalainika upya na kukaa vizuri.

Pistoni kubwa ikiwa na kutu ya juujuu, msasa wa maji namba 1000 kwenda 2000 na oili, ukizunguka mduara, inatosha. Ila ukipitisha kucha na ikakwama kwenye shimo, hiyo pistoni itakula sili mpya, ibadilishe au upeleke ikapakwe kromu.

Kujaza oili, pistoni iwe imerudi ndani kabisa, jeki imekaa sawa, oili ifike usawa wa chini wa tundu. Ukijaza wakati iko juu, ukishusha oili haina pa kwenda na haitashuka mpaka mwisho. Kutoa upepo: fungua skrubu ya kuachia, pampu haraka mara 10 hadi 15, funga, pandisha mpaka juu, shusha, rudia mpaka mpini uwe mgumu kuanzia inchi ya kwanza.

Alafu ijaribu KABLA ya rangi. Nasisitiza hili kwa sababu oili ikivuja juu ya rangi mbichi unaanza upya. Niliinua gari, nikaweka stendi (kile kiguzo cha chuma cha kushikilia gari) chini karibu kabisa bila kugusa, nikachora alama ya penseli kwenye rula iliyosimama pembeni ya mkono, nikalala. Asubuhi alama haijasogea.

Sasa rangi. Fremu nimeipiga brashi ya waya, msasa 120 kisha 240, na kama rangi ni ya zamani sana sugua na maji na uvae barakoa, zinaweza kuwa na risasi. Futa na thina mpaka kitambaa kitoke cheupe, hiyo ndo hatua inayoamua rangi itashika au itabanduka. Praima ya kuzuia kutu, alafu rangi mara tatu nyembamba, ukisubiri kama dakika 15 katikati, ukipaka mara moja nene itachuruzika tu. Funika na masking tepu pistoni zote mbili, nyuzi za skrubu, pini, chuchu za kuingizia grisi, na tundu la oili liwe limezibwa. Rangi ikikauka kwenye pistoni itapita kwenye sili kama msasa na tumerudi kwenye ule uzi mweusi. Magurudumu yanafungwa mwisho, na grisi mpya kwenye pini.

Nimeiacha wiki nzima ikomae kabla ya kuichafua. Jana nimekata stensili ya karatasi ngumu nikarudisha maandishi ya ubavuni yaliyokuwa yamefutika, TANI 2, kwa rangi nyeupe, na chini yake nikaongeza la kwangu: WEKA STENDI.