Fanksheni ya Lambda ibaki na kazi yake moja

Fanksheni yangu ya kwanza ya AWS Lambda, huduma ya Amazon inayoendesha msimbo wako pale tu unapoitwa bila wewe kutunza seva, ilipokea oda kutoka kwenye tovuti. Ilikuwa na mistari 60, na oda yenyewe ilichukua mistari 9 tu. Iliyobaki ilikuwa ya kusafisha njia: kugeuza mwili wa ombi kuwa data, maana API Gateway, lango la AWS linalopokea maombi ya wavuti, hukuletea JSON (data iliyopangwa) kama maandishi, kukagua kama bei na idadi zimo, kuweka kwenye jibu vichwa vya CORS, yaani ruhusa inayokiambia kivinjari kwamba ukurasa wa tovuti nyingine unaweza kulisoma, kisha try/catch moja kubwa ya kudaka makosa, iliyozungushia yote. Fanksheni ya pili niliinakili. Ya tatu vilevile. Kufika ya kumi nilikuwa na nakala kumi za ukaguzi uleule, na hakuna mbili zilizofanana sawasawa.

Aliyetumia Express, fremuweki ya JavaScript ya kujengea seva, anaijua dawa: midowea, yaani vipande vidogo vya msimbo ambavyo ombi huvipitia kabla ya kufika kwenye kazi yenyewe. Lambda, tangu ilipotangazwa mwaka 2014, inakupa tukio (data ya ombi) na muktadha (taarifa za uendeshaji wa fanksheni). Mengine utajua mwenyewe. Wapo wanaoipakia Express nzima ndani ya Lambda. Inafanya kazi, lakini siipendekezi. API Gateway imeshaamua ombi liende wapi, sasa mwamuzi wa pili wa nini? Tena kila kifurushi unachoongeza hurefusha muda wa fanksheni kuamka ikiwa imelala.

Kwa Node.js, yaani JavaScript ya upande wa seva, mimi natumia Middy, maktaba iliyoanzishwa na Luciano Mammino. Imechukua wazo la midowea bila kubeba fremuweki nzima (pokeaOda ndiyo fanksheni yenye kazi yenyewe):

```
export const handler = middy()
  .use(httpJsonBodyParser())
  .use(httpCors())
  .use(httpErrorHandler())
  .handler(pokeaOda)
```

Fikiria mgeni katika nyumba ya zamani ya mwambao. Anapita barazani, anaingia daka, ndipo anafika ndani. Akitoka, anaanza na daka, anamalizia baraza. Midowea nazo ni hivyo: ombi likiingia hufuata mpangilio ulioandika, jibu likitoka huufuata kinyume.

Mpangilio huo wa kinyume ulinila nusu siku. Nilikuwa nimeweka httpErrorHandler juu ya httpCors, nikiamini mlinzi wa makosa anatakiwa kutangulia. Oda nzuri zilipita. Oda mbovu zilirudisha lalamiko la CORS kwenye kivinjari, nami nikahangaika na mipangilio ya API Gateway ambayo haikuwa na kosa lolote. Kumbe hitilafu ikitokea, Middy huziita midowea za hitilafu kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza. Kwa hiyo httpCors iliitwa kwanza, ikakuta hakuna jibu la kuwekea vichwa, ikajiondokea. Kisha httpErrorHandler ikatengeneza jibu zuri kabisa lisilo na kichwa hata kimoja cha CORS, na kivinjari kikakataa kulikabidhi kwa ukurasa. Nilibadilisha nafasi za mistari hiyo miwili, kama unavyoiona hapo juu, tatizo likaisha.

Kuna kitu kimoja nisichokiweka kwenye midowea kamwe: kanuni za biashara. Punguzo la bei kwa mteja wa jumla, kwa mfano, nataka lisomeke ndani ya pokeaOda, mbele ya macho ya atakayeurithi msimbo huu. Midowea zishughulikie mambo ambayo hata fanksheni ya kufuta akaunti ingeyahitaji.

Faida niliyoifurahia zaidi ilikuja kwenye majaribio. Zamani nilikuwa natunga tukio bandia la API Gateway, na vichwa vyake vyote, ili tu kujaribu hesabu ya jumla. Sasa pokeaOda ni fanksheni ya kawaida. Naipa oda yenye idadi sifuri nione kama itaikataa; naipa yenye bidhaa tatu, nalinganisha jumla. Jaribio zima ni mistari minne.