Chumvi haiharakishi maji kuchemka

Wapishi wengi hutia chumvi kwenye maji ya wali yangali baridi, wakiamini yatachemka upesi. Kwa kweli chumvi huchelewesha, ingawa kwa kiasi kidogo mno kutambulika jikoni.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushindana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Chumvi ikiyeyuka huyapunguzia maji uwezo wa kugeuka mvuke, hivyo yanahitaji joto zaidi. Kiasi gani? Ili lita moja ichemke kwenye nyuzi 101 za Selsiasi badala ya 100, inabidi utie takriban gramu 58 za chumvi. Chakula hicho hakiliki: hata maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita. Mwinuko una athari kubwa zaidi. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage huko huchelewa kuiva kuliko Mombasa.

Siwalaumu walioshika imani hii, kwani ina chanzo kinachoonekana kwa macho. Ukinyunyiza chumvi kwenye maji yaliyokaribia kuchemka, viputo hufumka ghafla. Punje huvipa viputo mahali pa kuanzia. Joto la maji halijapanda. Zikishayeyuka, vurugu hutulia.

Tia chumvi kwa ajili ya ladha, wakati wowote upendao. Anayetaka kuokoa gesi au mkaa afunike sufuria, maana mvuke unaotoroka huondoka na joto jingi.