Ruhusa za programu na chaji ya simu: tunayemlaumu siye

Programu ya tochi haina shughuli na namba ya simu ya shangazi yako, na kikokotoo hakihitaji kujua unalala wapi. Hapo hakuna ubishi. Anayekasirika ana haki ya kukasirika. Ila hasira hiyo mara nyingi inamwangukia asiyehusika. Mtu anafunga programu zote kila baada ya dakika chache, anapakua "kiokoa betri" kisha kingine juu yake, anasubiri simu izime kabisa ndipo aichaji. Muda wote huo kuna programu moja aliyoipa ruhusa ya kufuatilia alipo saa 24, na hakuna anayeigusa.

"Ruhusa nyingi ndizo zinazomaliza chaji"

Ruhusa peke yake haili umeme. Programu yenye ruhusa ya kamera, isipoifungua kamera, haijatumia chochote. Kinachokula chaji ni kazi: skrini kuwaka, kichakataji kuamshwa, redio ya mtandao kutuma na kupokea, kipokezi cha GPS kusikiliza setelaiti. Kwa hiyo programu iliyokuomba ruhusa kumi inaweza kuwa mpole kabisa, na nyingine ambayo haikukuomba hata moja ikakesha ikifyonza betri.

Hiyo ya pili inawezekanaje? Kwa sababu si ruhusa zote zinazoombwa. Kwenye Android, ruhusa ya kutumia intaneti na ruhusa ya kuizuia simu isilale hutolewa kimyakimya programu inaposakinishwa. Huulizwi, na kwenye simu nyingi hakuna hata kitufe cha kuzikataa. Ukiniuliza mimi, hizo ndizo zilizostahili kuombwa kwanza, maana zikikutana ndani ya programu iliyoandikwa ovyo, simu inahangaika mfukoni huku kioo kimezimwa, na mwenyewe unaishika asubuhi ikiwa na joto.

Pale ambapo malalamiko haya mawili, ya faragha na ya chaji, yanakutana kweli ni kwenye ruhusa ya mahali ulipo. GPS yenyewe haitumi chochote angani. Simu husikiliza tu mawimbi ya setelaiti na kupiga hesabu. Gharama iko kwenye kukaa macho ili kusikiliza. Android 8 ya mwaka 2017 iliziwekea mpaka programu za chinichini, zikawa zinapata mahali ulipo mara chache tu kwa saa, na Android 10 ya 2019 ikaleta chaguo la kuruhusu wakati programu inatumika tu. Kwenye iPhone, tangu toleo la 11 la mfumo wake uitwao iOS, la 2017, msanidi wa programu hawezi tena kukulazimisha uchague kati ya "kila wakati" na "kamwe" bila kukupa njia ya katikati. Programu zinazohitaji kweli kujua ulipo saa zote ni chache mno: ya kutafuta simu iliyopotea, ya wanafamilia kufuatana, labda ya hali ya hewa kama unataka onyo la mvua bila kuifungua. Na hiyo ya hali ya hewa inatoshwa na mahali pa kukadiria, chaguo lililopo tangu iOS 14 na Android 12. Haihitaji kujua uko chumba gani.

"Ukizifunga programu zote, chaji inadumu"

Hii imeshakuwa mazoea ya mikono. Mtu akishika simu tu, kidole kinazipandisha programu juu moja baada ya nyingine mpaka orodha ibaki tupu. Mwaka 2016 mteja mmoja aliwaandikia Apple akiuliza kama kufanya hivyo kunaisaidia betri, na Craig Federighi, mkuu wa kitengo cha programu, akajibu kwamba hapana. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android, naye akasema siku hizohizo kwamba huenda kukaongeza matumizi kidogo.

Sababu yake si ngumu. Programu unayoiona kwenye orodha hiyo kwa kawaida haifanyi kazi. Imesimamishwa, imebaki kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya simu, ikisubiri. Na RAM hutumia takriban umeme uleule ikiwa imejaa au ikiwa tupu. Ukiifunga programu na kuirudia baada ya dakika tano, simu inalazimika kuisoma upya kutoka kwenye hifadhi, kuiandaa na kuiunganisha na mtandao, na hapo ndipo chaji inapotoka. Kufunga kuna maana programu ikikwama, au ukiona simu inapata moto na unajua ni ipi inayoisumbua. Zaidi ya hapo ni usafi wa macho tu.

La kuudhi ni kwamba kuna watengenezaji wa simu za Android walioichukua dhana hii wakaijenga ndani ya simu: mfumo wenyewe unaua programu za chinichini bila huruma. Matokeo yake ujumbe hauingii mpaka ufungue programu, na kengele ya asubuhi ikinyamaza, lawama inaiendea programu ya saa ambayo wala haikuwa na kosa.

"Pakua kiokoa betri"

Usipakue. Hakiwezi kufanya lolote ambalo mfumo wa simu haufanyi vizuri zaidi. Android 6.0 ya mwaka 2015 ilileta utaratibu uitwao Doze: simu ikitulia bila kuguswa, kazi za chinichini hukusanywa zikafanywa kwa pamoja, badala ya kila programu kuiamsha simu kwa wakati wake. iPhone ikapata hali ya kubana matumizi ya betri mwaka huohuo. Kiokoa betri cha kupakua kinafanya kinyume. Chenyewe kinakaa macho, kinaonyesha matangazo, kinaua programu ambazo mfumo unaziamsha tena punde, kisha kinaziua tena.

Baya zaidi, baadhi yake huomba ruhusa ya ufikivu. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya wasioona na watu wenye ulemavu mwingine, na humwezesha aliyepewa kusoma kilichoko kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Ndiyo ruhusa inayopendwa sana na programu za kuiba kwenye akaunti za benki. Android 13 ya 2022 iliweka kizuizi kwa programu zilizopakuliwa nje ya duka rasmi zinapoitaka. Ukikutana na maelekezo ya kukuonyesha namna ya kukivuka kizuizi hicho, acha hapohapo.

"Ni programu ndogo ya bure, itadhuru nini?"

Ndani ya programu nyingi za bure mna vipande vya programu vya kampuni nyingine: vya kuonyesha matangazo, vya kupima matumizi, vya kuripoti hitilafu. Kwenye Android vipande hivyo hurithi ruhusa za programu iliyovibeba. Ukiiruhusu programu ya hali ya hewa kujua ulipo, umewaruhusu na waliomo ndani yake, ambao majina yao hujawahi kuyasikia. Ni sawa na kumpa mgeni mmoja ufunguo, akaingia na ukoo mzima.

Ile tochi ya mwanzo si mfano wa kubuni. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni iliyotengeneza programu ya tochi ya Android iitwayo Brightest Flashlight, iliyokuwa imepakuliwa mara mamilioni. Ilikuwa ikituma mahali alipo mtumiaji pamoja na utambulisho wa simu yake kwa kampuni za matangazo. Iliweka kitufe cha kukataa masharti, lakini kwa mujibu wa tume hiyo, data ilikuwa imeshaanza kutumwa kabla mtu hajachagua.

Vipande hivyohivyo ndivyo vinavyokula chaji. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue na Microsoft walipima programu maarufu za simu, wakakuta kwamba katika zile za bure asilimia 65 hadi 75 ya nishati ilikwenda kwenye sehemu za watu wa nje za matangazo, na programu yenyewe ikabaki na makombo. Sehemu ya sababu ni tabia ya redio ya simu: ikishatuma data haizimi papo hapo, hubaki macho kwa sekunde kadhaa ikingoja kama kuna zaidi. Tangazo dogo linalobadilika kila baada ya muda mfupi linatosha kuinyima usingizi. Ongeza mahali penye mtandao hafifu, ambapo redio inalazimika kutuma kwa nguvu zaidi, na utaelewa kwa nini programu ileile inatulia sehemu moja na kukausha betri sehemu nyingine.

"Simu inanisikiliza, ndiyo maana matangazo yanafuata mazungumzo yangu"

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walizichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android na kutoa matokeo mwaka 2018. Hawakukuta ushahidi wa maikrofoni kufunguliwa kwa siri. Walichokikuta ni kingine, na mimi naona hakipendezi hata kidogo: baadhi ya programu zilikuwa zikirekodi skrini mtumiaji anavyobonyeza, na kupeleka kwa kampuni nyingine.

Kurekodi sauti siku nzima na kuituma kungeonekana kwenye chaji na kwenye data. Tena tangu iOS 14 na Android 12, alama ya rangi hujitokeza juu ya skrini kila maikrofoni au kamera inapotumika. Watangazaji hawana haja ya kuhangaika hivyo. Wewe na rafiki yako mmetumia Wi-Fi moja, yeye ametafuta viatu, na aliyeona anwani moja ya intaneti amewaweka kapu moja. Viatu vinakufuata bila neno lako kusikika.

"Nikibonyeza Kataa, nimemaliza"

Umefanya jambo la maana, lakini hujamaliza. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Sayansi ya Kompyuta iliyoko Berkeley walionyesha kwamba zaidi ya programu 1,000 za Android zingeweza kupata data ambayo mtumiaji alikuwa amezinyima. Programu iliyonyimwa mahali ulipo inaweza kupajua kupitia picha zako, kwa sababu kamera huandika humo picha ilipopigwa, au ikakisia kwa utambulisho wa kifaa cha Wi-Fi ulichounganishwa nacho. Android 10 iliziba baadhi ya mianya hiyo.

Kwenye majina na namba za simu ndiko kukataa kwako kunakosaidia kidogo zaidi. Namba yako imo kwenye simu za watu wengine, na mmoja wao akiruhusu, imeshakwenda. Mwaka 2012 ilibainika kwamba mtandao wa kijamii wa Path ulikuwa ukipakia kwenye seva zake majina na namba zote za watumiaji wa iPhone bila kuwauliza. Ni mwaka huohuo iOS 6 ilipoanza kuomba idhini kabla programu haijasoma majina. Programu za mikopo zilikwenda mbali zaidi, zikitumia namba hizo kuwapigia jamaa na wenzake wa mdaiwa ili kumwaibisha, hadi mwaka 2023 Google ikazikataza kusoma majina na picha zilizomo kwenye simu.

Kusanidua nako hakurudishi kilichokwisha kutumwa. Kama kuna akaunti, ifute kwanza, ndipo uondoe programu.

"Nikikataa, programu itagoma"

Zamani ilikuwa kweli. Kabla ya Android 6.0 ulikubali orodha nzima au ukaikosa programu. Siku hizi unaweza kukataa yote mwanzoni, ukaruhusu moja moja pale kitufe fulani kinapokataa kufanya kazi. Nyingi zinaendelea kama kawaida. Inayogoma kufunguka mpaka ione majina yako, na kazi yake ni kuhariri picha, imeshakuambia yenyewe inataka nini.

Si kila ombi la ajabu ni la hila, hata hivyo. Kabla ya Android 12, programu ya spika au saa ya mkononi ililazimika kuomba mahali ulipo ili tu itafute kifaa cha Bluetooth, kwa kuwa anayeviona vifaa vilivyo jirani nawe anaweza kujua uko wapi. Wasanidi wengi walitukanwa bure kwa hilo.

"Betri lazima iishe kabisa kabla ya kuchajiwa"

Hayo ni mabaki ya betri za nikeli na kadimiamu, ambazo zikichajiwa kabla ya kuisha zilikuwa kama "zinakumbuka" kiwango hicho na kupunguza uwezo. Betri ya lithiamu haina kumbukumbu ya namna hiyo. Inachoumizwa nacho ni joto, na kukaa muda mrefu imejaa pomoni au imekauka. Kama simu yako ina chaguo la kuishia asilimia 80, liwashe usahau. Na kabla ya kuilaani programu iliyosasishwa jana, angalia umri wa betri: Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisijizime ghafla.

"Iliyo juu kwenye orodha ya betri ndiyo mkosaji"

Iliyo juu mara nyingi ni ile uliyoitazama sana. Ukiangalia video saa tatu, programu ya video itaongoza, na hapo haijakuibia kitu. Bonyeza jina la kila programu ulinganishe muda iliyokuwa kwenye skrini na muda iliyofanya kazi chinichini. Yenye dakika nne za skrini na saa sita za chinichini, wakati si ya muziki wala ya ramani, ndiyo ya kushughulikiwa: izuie kazi za chinichini, ibadilishie ruhusa ya mahali iwe wakati wa kuitumia tu, punguza arifa zake. Kisha tazama tena orodha ileile kesho jioni.